Sarafu ya Kilwa na Leza ya Mirihi

Nimevuka kutoka Kilwa Masoko hadi kisiwani asubuhi, maji yamejaa. Mkononi nina picha ya sarafu ya shaba, ukubwa wake kama kifungo cha koti. Upande mmoja una jina la sultani Ali bin al-Hasan, upande wa pili unamtaja Mola, na maneno ya pande zote mbili yana vina. Mwaka haumo. Nahodha anaitazama, anacheka: "Hizo tuliziokota pwani tukiwa watoto, mwanangu." Je, sarafu isiyotaja mwaka, umri wake nitauulizia wapi?

Nilianza na maandishi. Historia ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili: kitabu cha Kireno kilichochapwa 1552, na mswada wa Kiarabu. Zote zinasimulia Mshirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Hadithi tamu, lakini orodha zake za masultani hazilingani. Wanaakiolojia wa miaka ya 1960 walimweka Ali mwishoni mwa karne ya 12. Kisha, 1984, hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, ikaibuka: sarafu za fedha zenye jina hilohilo, pamoja na dinari za Wafatimi. Ali akarudi nyuma hadi karne ya 11. Lakini ni Ali yuleyule, au ni majina tu yaliyofanana?

Njia nyingine ikanitoa kabisa pwani ya Lindi. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa mchangani, visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Wengine husema basi mabaharia wetu walifika huko. Napenda iwe kweli, ndiyo maana naishuku. Pamoja nazo zilikuwa sarafu nne za Kiholanzi za karne ya 17 na 18. Sarafu haina miguu. Hupita mikononi mwa watu, pengine karne kadhaa baada ya kufuliwa. Kama maandishi yanagongana, nao mchanga hausemi, je, shaba yenyewe inaweza kutoa ushahidi?

Hapo ndipo nilipoikumbuka Mirihi. Agosti 2012 gari la utafiti Curiosity lilipiga jiwe kwa leza kwa mara ya kwanza. Mapigo 30 katika sekunde 10, kila moja likidumu sehemu chache za bilioni za sekunde. Chembe za jiwe huwaka, na kifaa husoma rangi za mwanga huo: kila elementi ina rangi zake. Kinaweza kusoma hata kilicho mita 7 mbele. Leo kuna vifaa vya kushika mkononi vya aina hiyohiyo, vinavyotumika kupanga vyuma chakavu. Kwa nini basi tusikielekeze kimoja kwenye sarafu?

Tatizo la kwanza ni uso. Kule Mirihi mapigo ya mwanzo husoma vumbi, si jiwe. Hapa yangesoma kutu ya kijani na chumvi ya bahari. Inabidi kupiga palepale, tena na tena, hadi shaba safi ifikiwe. Kila pigo huacha kitobo kisichoonekana kwa urahisi, lakini ni kitobo. Kwenye sarafu yenye vina pande zote mbili, nani atachagua herufi ya kutoboa?

Tatizo la pili lilinikatisha tamaa zaidi. Leza ingesema ndani ya shaba mna risasi kiasi gani, bati kiasi gani. Kutaja mgodi ni kazi nyingine, na shaba ya biashara huyeyushwa, huchanganywa, huyeyushwa tena. Maji ya vyungu viwili yakimiminwa katika kimoja, utayatenganishaje?

Mchana nimekaa chini ya kuba za Msikiti Mkuu, picha gotini. Leza ingeweza kulinganisha sarafu za Wessel na za hapa, na kuonyesha kama shaba zao zinafanana. Hilo si dogo. Lakini hata zikifanana, mkono uliozibeba hauachi rangi kwenye mwanga. Maji yanatoka, nahodha ananiita. Safari ijayo nitafute shaba, au nitafute aliyeitia mfukoni?