Kadi ya sauti: kila shida iko na umri wake

Mu miji yetu studio ya chumba imekuwa kitu cha kawaida: laptop moja, maikrofoni moja, matela ku ukuta. Na malalamiko ni yale yale. Sauti inakwaruza. Muimbaji anajisikia mu kaske amechelewa nyuma ya mdundo. Halafu mtu anamshauri auze simu, anunue kadi ya sauti ya bei kali, ile tunaiitaka carte son. Mimi nimefuata historia ya vyombo hivi kwa muda, na naona shida nyingi hazitoki ku kadi yenyewe. Ziko na tarehe. Ukijua tarehe yake, unajua pa kugusa kabla ya kutoa feza.

Kompyuta haikuzaliwa juu ya muziki. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na kispika kidogo cha kulia "piii", noti moja kwa wakati mmoja, basi. Mu 1987 kampuni ya AdLib, ku Québec, ikatoa kadi yenye chipu ya Yamaha YM3812 iliyoweza kutoa sauti 9 pamoja. Mwanzilishi wake, Martin Prével, alikuwa mwalimu wa muziki ku Université Laval, si fundi wa viwanda. Lakini kadi yake ilikuwa na mdomo bila masikio: ilitunga sauti kwa hesabu, haikuweza kurekodi mtu. Mu 1989 Creative ya Singapore, ya bwana Sim Wong Hoo, ikaleta Sound Blaster: chipu ile ile ya Yamaha, na juu yake njia ya kuingiza sauti ya maikrofoni, kwa biti 8 tu. Mu 1992 Sound Blaster 16 ikafika ku kipimo cha CD. AdLib ilifilisika mwaka huo huo.

Sasa kukwaruza. Kadi ikimaliza kucheza kipande cha sauti, inapaswa kugonga mlango wa prosesa na kuomba kingine. Zamani kila mlango ulikuwa na namba, na milango ilikuwa michache. Sound Blaster za kwanza zilitoka kiwandani zimewekwa ku namba 7. Kumbe namba 7 ilikuwa pia ya printa! Wakigongana, unasikia kipande kimoja kinarudia-rudia, halafu kimya. Dawa yake: zima mashine, fungua sanduku, ng'oa kwa vidole kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani, kichomeke ku namba ingine, washa tena, ujaribu. Watu walimalizaka siku nzima hivyo. Windows 95 njo ilianza kugawa namba yenyewe.

Ila ugomvi wa mlango haukuisha. Prosesa ingali inahudumia wengi, na kipande cha Wi-Fi ama Bluetooth kikiishikilia muda mrefu kidogo, sauti inakatika: "tak, tak". Njo maana mtu anayerekodi vizuri anazimaka Wi-Fi kwanza. Haiombi hata franga moja.

Kuchelewa ni jambo lingine, na ni la miaka ya 1990. Fikiria nyumba za kurekodi za Léopoldville, sawa Ngoma ya mwaka 1948: wanamuziki wote walikuwa mu chumba kimoja, wanapiga pamoja, na kila mtu anasikia mwenzake kwa hewa. Hakuna aliyehitaji kujisikia kupitia mashine. Baadaye desturi hiyo ikabadilika. Leo unarekodi gitaa Jumatatu na sauti Jumatano, na muimbaji lazima asikie yote mu kaske.

Na kompyuta haibebi sauti tone kwa tone. Inajaza kwanza ndoo, ndiyo bafa. Bafa ya sampuli 1024, ku 44100 kwa sekunde, inachukua milisekunde 23 kuingia, na 23 zingine kutoka. Jumla 46. Mu hewa, sauti inatembea karibu sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ni sawa na kuimba wakati sauti yako inatoka ku spika iliyo mita 16 mbali. Nani ataimba vizuri hivyo? Ku bafa ya 128 inabaki karibu mita 2 tu.

Windows, juu yake, ilipitisha sauti zote mu mchanganyiko wake wa ndani, na hapo muda ukaongezeka tena. Steinberg ya Hamburg, wenye Cubase, mu 1997 wakatoa ASIO, njia ya programu kuongea na kadi moja kwa moja. Basi mu programu yako chagua ASIO ya kiwanda cha kadi. Huna kadi ya nje? ASIO4ALL inapatikana bure, na ku laptop nyingi inatosha kuanza. Rekodi na 128. Ikikwaruza, panda 256. Wakati wa kumiksi, weka 1024, hapo hakuna anayesubiri.

Limebaki moja. Ile 44100 ilitoka ku mashine za video, ambamo sauti za kwanza za dijitali zilihifadhiwa: sampuli 3 ku kila mstari, mistari 294, mara 50 kwa sekunde. Video zenyewe baadaye zikashika 48000. Kadi ikiwa ku moja na mradi wako ku ingine, muimbaji anaweza kutoka amepanda karibu semitoni moja na nusu, kama mtoto, na watu watalaumu maikrofoni. Angalia namba hizo mbili mbele ya kumwita aingie.