Namna ya kumwezesha mtazamaji kuelewa mashindano ya kuteleza majini yanapotangazwa mubashara

Sekunde 16 hivi humtosha mtelezaji bora wa kiume kumaliza njia nzima ya slalomu, akivutwa na boti inayokwenda kilomita 58 kwa saa. Katika muda huo mfupi, mazoezi ya mwaka mzima yanaweza kuamuliwa na robo ya boya. Mtazamaji ambaye hakuelezwa mapema atazame nini huona mtu akiyumba kulia na kushoto nyuma ya boti, kisha akaanguka, na hajui kama ameshuhudia ushindi au kushindwa.

Makala haya yanaeleza mambo ya msingi yanayofanya matangazo ya mchezo huu yaeleweke na yavutie, kuanzia kanuni zenyewe, mpangilio wa kamera na kazi ya mtangazaji, hadi namna ya kuwasilisha uamuzi wa waamuzi.

Asili ya mchezo

Kuteleza majini kwa skii kulianza mwaka 1922, pale kijana Mmarekani Ralph Samuelson alipofanikiwa kusimama juu ya mbao mbili katika Ziwa Pepin, jimboni Minnesota. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1949 Juan-les-Pins, Ufaransa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972 mchezo huo uliingizwa kama mchezo wa maonyesho, lakini hadi sasa haujawa miongoni mwa michezo ya Olimpiki inayotolewa medali.

Kwa sababu hiyo, watu wengi duniani hawajapata fursa ya kuuzoea kama walivyozoea riadha au kuogelea. Kila tangazo la mashindano lina watazamaji wanaoukuta kwa mara ya kwanza, na ni wajibu wa watayarishaji kuwapokea hao bila kuwachosha wanaoufahamu.

Slalomu: kisa kimo ndani ya kamba

Njia ya slalomu ina urefu wa mita 259. Mtelezaji huingia kwa kupita katika lango la maboya mawili, huzunguka maboya sita, matatu kila upande, kisha hutoka kupitia lango la pili. Kila boya kati ya hayo sita liko mita 11.5 kutoka mstari wa kati, ambako boti hupita moja kwa moja bila kukengeuka.

Katika ngazi ya juu, mwendo wa boti haubadiliki: kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Kinachobadilika ni kamba. Huanza na urefu wa mita 18.25, na kila mtelezaji anapomaliza maboya yote hufupishwa hadi 16, 14.25, 13, 12 na kisha 11.25.

Katika hatua hiyo ya mita 11.25, kamba imekuwa fupi kwa sentimita 25 kuliko umbali wa boya kutoka mstari wa boti. Mtelezaji hulazimika kuunyoosha mwili na mkono mmoja ili skii ipite nje ya boya ambalo kamba yenyewe haiwezi kulifikia. Kamba inapofika mita 9.75, pengo hilo huwa mita 1.75. Mtazamaji akilijua jambo hili moja, kila mzunguko unaofuata humfanya ashike pumzi.

Ipo pia tofauti ya vipimo inayowachanganya wengi. Wamarekani huhesabu futi zilizoondolewa kutoka kamba ya futi 75, hivyo wanapotaja "38" wanamaanisha kamba ya mita 11.25. Kwa hesabu hiyo namba hupanda kadiri kamba inavyofupika. Matangazo yanayomjali mtazamaji huchagua kipimo kimoja na kukishikilia kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mitindo na kuruka

Katika mitindo, mtelezaji hupewa mbio mbili za sekunde 20 kila moja. Hugeuka, hupinduka hewani, na pengine hushikilia kamba kwa mguu. Kila mtindo una pointi zake, na unaorudiwa hauhesabiwi tena. Washindani bora hufikisha zaidi ya pointi 10,000, lakini jicho la kawaida haliwezi kufuata kasi hiyo. Saa inayohesabu sekunde kwenye skrini, ikifuatiwa na marudio ya polepole ya mitindo miwili au mitatu yenye pointi nyingi, humsaidia mtazamaji kuliko orodha ndefu ya majina ya mitindo.

Kuruka ndiko rahisi zaidi kueleweka, kwa kuwa anayetua mbali zaidi ndiye mshindi. Kwa wanaume wa ngazi ya juu jukwaa la kurukia huwa na kimo cha mita 1.8, na boti huenda hadi kilomita 57 kwa saa. Hata hivyo, mtelezaji hulikata wimbi la boti kwa pembe kali na kufika kwenye jukwaa akiwa na mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa. Jambo hilo linafaa kutajwa kabla ya mruko. Inafaa pia kufafanuliwa kuwa umbali huhesabiwa tu endapo mrukaji atatua na kuendelea kuteleza.

Kamera ziwekwe wapi

Kamera iliyomo ndani ya boti huonyesha uso, mikono na juhudi za mtelezaji, lakini hufanya umbali uonekane mfupi kuliko ulivyo. Kamera ya ufukweni huonyesha kasi. Droni inayopiga picha kutoka juu ndiyo inayofichua jiometri yote ya slalomu: boti katikati, kamba ikiwa imekazwa pembeni, na boya likiwa mbali kidogo ya mwisho wake. Droni hiyo iwe katika kimo kisichomsumbua mshindani wala dereva wa boti.

Yapo mambo madogo yenye athari kubwa. Lenzi iliyorukiwa na maji ifutwe kabla ya kila mshindani. Sauti ya injini na upepo ipunguzwe bila kuondolewa kabisa, kwa kuwa nayo humfikisha mtazamaji ziwani. Maandishi ya skrini yawe machache: jina, nchi, urefu wa kamba, boya lililofikiwa na alama inayotafutwa.

Kazi ya mtangazaji

Kabla ya boti kuingia njiani, mtangazaji anatakiwa kujibu maswali matatu: nani anateleza, kamba ina urefu gani, na anahitaji maboya mangapi ili aongoze. Baada ya hapo, maneno yapungue. Sekunde 16 ni chache mno kwa wasifu wa mshindani; wasifu huo una nafasi yake wakati boti inageuka na kamba inafupishwa.

Mshindani anapoanguka vibaya, marudio yasionyeshwe kabla ya kuthibitika kuwa yuko salama. Heshima kwa mwanamichezo na familia yake hutangulia msisimko.

Uamuzi uonekane, usisikike tu

Matokeo ya slalomu hutolewa kwa maboya kamili, nusu na robo. Mtelezaji aliyepita nje ya lango la kuingilia hupata sifuri kwa mzunguko huo, hata kama amezunguka maboya yote sita kwa ufasaha. Mtazamaji asiyeonyeshwa kosa hilo langoni huamini kwamba mshindani amedhulumiwa.

Hapa ndipo ubora wa matangazo hugusa haki. Waamuzi wenyewe hutegemea video kukagua lango na mitindo, na umbali wa mruko hupimwa kwa picha. Picha hizo zikionyeshwa pia kwa umma, uamuzi hupata ushahidi. Hadi waamuzi wathibitishe, skrini isomeke "matokeo ya awali", na mtangazaji ajiepushe kutangaza mshindi kwa kubahatisha.

Kwa ujumla, matangazo mazuri ya mchezo huu hayahitaji mbwembwe. Yanahitaji mtazamaji ajue urefu wa kamba kabla ya mbio, aone boya wakati wa mbio, na aelewe sababu ya alama baada ya mbio. Akipata hayo, atatofautisha mwenyewe robo ya boya na nusu yake, na mwanamichezo aliyejinyoosha kulifuata boya hilo atakuwa ametendewa haki.