Kungojea Mlangoni pa Chuo Kikuu

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema kwamba subira yavuta heri. Ya pili yaonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kijana aliyemaliza shule ya sekondari na kukaa nyumbani akingojea kuitwa chuo kikuu azijua zote mbili, kwani mchana hujituliza kwa ile ya kwanza, na usiku hulala na ya pili. Katika insha hii nitaeleza jinsi kungojea huko kulivyoanza na kulivyobadilika katika Kenya, tukiyatazama mambo kutoka Mbumbuni, mji mdogo wa soko upande wa Mbooni katika nchi ya Wakamba. Mbumbuni leo umo katika kaunti ya Makueni. Kabla ya mwaka 1992 sehemu zote hizo zilihesabiwa katika wilaya ya Machakos.

Kwa muda mrefu mlango wa elimu ya juu katika Afrika ya Mashariki ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa Kampala. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, na shahada zilizotolewa Kampala zilikuwa shahada za London. Kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, vijana wengi waliotaka shahada waliuelekea mlango huo mmoja.

Mtu asishangae basi kwamba kungojea kwa siku hizo kulikuwa kwa mbali mno. Mtihani wa mwisho wa sekondari ulikuwa wa Cambridge. Karatasi za majibu zilipelekwa Uingereza kusahihishwa, na mwenye kuziandika alirudi kwao kulima na kuchunga huku hatima yake ikiwa ng'ambo ya bahari. Aliyebahatika kuitwa alikuwa na safari ya kwenda Nairobi, na kutoka huko garimoshi hadi Kampala. Miongoni mwa waliopita njia hiyo ni John Mbiti, aliyezaliwa mwaka 1931 Mulango, karibu na Kitui. Alisoma Alliance, akaingia Makerere, akamaliza mwaka 1953, na baadaye akawa mwanachuoni mashuhuri wa dini na falsafa za Kiafrika. Kwa wasichana mlango ulikuwa mwembamba zaidi, maana Makerere haikupokea mwanafunzi mwanamke hata mmoja mpaka mwaka 1945.

Wengi walioachwa nje hawakukosa akili. Vilivyokosekana ni viti. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1959. Tom Mboya, pamoja na marafiki zake wa Marekani, alikusanya fedha za kukodi ndege, na mwezi wa Septemba wanafunzi 81 wakaruka kutoka Nairobi kwenda kusoma huko. Wengi wao walikuwa wameviandikia vyuo vya Marekani barua kwa mikono yao wenyewe, wakiomba nafasi na msaada wa karo. Mwaka uliofuata jamaa ya Kennedy ilitoa dola 100,000 kuendeleza safari hizo. Katika kundi la mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, ambaye alipata shahada ya udaktari Nairobi mwaka 1971 na Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004.

Milango ikaanza kuongezeka. Chuo cha ufundi kilichopokea wanafunzi Nairobi mwaka 1956 kilipandishwa cheo mwaka 1961, na mwaka huo huo chuo cha Dar es Salaam kikafunguliwa. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, navyo vikagawana kazi: mwanzoni aliyetaka udaktari wa tiba alikwenda Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam. Mwaka 1970 muungano huo ulivunjwa, na kila nchi ikawa na chuo kikuu chake.

Lakini mlango ulipokaribia, waliobisha nao waliongezeka. Ukambani watu walikuwa na desturi ya mwethya, yaani kufanya kazi kwa pamoja kwa zamu. Baada ya uhuru desturi hiyo iliungana na mwito wa harambee, na wazazi wakajenga madarasa ya sekondari kwa mikono yao. Kila darasa jipya lilizaa wangojeaji wapya. Baada ya jaribio la kupindua serikali la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na waliokuwa nje wakazidi kurundikana. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na Kenyatta kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Hata hivyo mwaka 1989 makundi mawili yalimaliza kwa pamoja: la mwisho la kidato cha sita, na la kwanza la utaratibu wa 8-4-4. Makundi hayo mawili yakaugombea mlango ule ule.

Siku hizi kijana wa Mbumbuni hangojei meli wala garimoshi. Tangu mwaka 2013 Kitui ina chuo kikuu kamili pale Kwa Vonza, na majibu humfikia kwa simu aliyoishika mkononi. Hata hivyo moyo wadunda vile vile, na yafaa tuelewe sababu. Sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012 iliunda idara ya kugawa nafasi. Aliyepata C na kujumlisha aweza kuomba shahada. Kisha waombaji wa kila somo hupangwa kwa alama zao, na nafasi hujazwa kuanzia juu mpaka zimalizike. Tuseme nafasi ni 100 na waombaji ni 500. Alama za yule wa mia ndizo zinazokuwa mpaka, na wa mia na moja hukosa, ijapokuwa pengine amepitwa kwa nukta ndogo sana. Mwaka ujao chuo hicho kikipendwa na watu 1,000, mpaka huelekea kupanda, ingawa walimu ni wale wale na vitabu ni vile vile. Mpaka huo basi haupimi akili ya mtu peke yake. Wapima pia wingi wa waliosimama mlangoni siku ile.

Hili ndilo fundisho la historia yetu. Viti vilipokuwa haba, walioachwa walikuwa wengi. Viti vilipoongezwa, wengi wa namna ile ile waliingia na kufaulu. Wewe unayengojea, usidhani kwamba barua ya kukataliwa ni hukumu juu ya ubongo wako. Fanya walivyofanya wale wa mwaka 1959: andika barua nyingine, bisha mlango mwingine, na wakati unapongojea usiache jembe wala kitabu. Nawe ukiingia, wakumbuke walio nje. Kwani kila mlango uliofunguliwa katika nchi hii ulifunguliwa na watu waliochoka kuona wenzao wakingojea.