Kutoka Mtungi Hadi Friji: Nani Hubeba Gharama ya Nyumba Yako?



Msimu wa harusi ukikaribia, maswali yanakuwa yale yale. Ninunue friji la milango miwili au la mlango mmoja? Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele au ile ya matangi mawili? La mtumba kutoka Ulaya au jipya la dukani? Wengi tunajibu kwa kutazama bei, rangi na ukubwa wa jiko. Leo naomba tulijibu kwa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya visiwa vyetu ina mengi ya kumwambia anayenunua vyombo vya nyumba mpya.

Tuanze na mtungi. Nyumba ya Kiswahili ya zamani ilikuwa na mtungi wa udongo wenye maji ya kunywa, na kata ya kifuu cha nazi ya kuchotea. Mtungi ulipoza maji bila ya moto wala waya: udongo huvuja unyevu kidogo kidogo, unyevu ule ukikauka kwa upepo huondoka na joto. Kata ilikuwa kipimo. Bibi alijua kata ngapi zinatosha kutia udhu, ngapi kuosha vyombo na ngapi kupikia wali. Aliyechota maji kisimani kwa mikono yake hakuhitaji kuambiwa asiyamwage, shingo yake ilikuwa imeshamwambia.

Kipimo hiki tunacho pia katika dini. Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi mmoja, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, chini ya lita moja ya leo. Mfereji uliofunguliwa wazi unaweza kumwaga lita sita au zaidi kwa dakika moja. Fanya hesabu mwenyewe, wakati wa udhu wa Alasiri.

Lakini tusiipambe sana zamani. Katika karne ya 19 maji ya majumba makubwa ya Unguja yalibebwa na watumwa, wakiwemo wanawake. Majumba ya kifalme yalikuwa na maji mengi. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameandika katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, juu ya mabafu ya nyumba ya baba yake. Kule Kidichi, hamamu iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Sayyid Said bado inatazamwa na wageni hadi leo. Mwenye kuoga hakuuona mzigo. Mzigo ulikuwepo, ila ulikuwa juu ya kichwa cha mwengine.

Mabadiliko makubwa yalikuja wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Yeye ndiye aliyeyaleta mjini, kwa mabomba, maji ya chemchemi zilizo kaskazini ya Mji Mkongwe. Alijenga pia hamamu ya watu wote, na mtaa ule ukaitwa Hamamni mpaka leo. Kwa wanawake wa mjini hii ilikuwa rehema. Saa za kisimani zilipungua na maji yakawa masafi zaidi. Hata hivyo kitu kimoja kiliondoka kimya kimya, nacho ni kata. Maji yakitoka ukutani, hakuna tena anayehesabu.

Umeme nao ukaja kwa njia hiyo hiyo. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, linakumbukwa kuwa jengo la kwanza la Zanzibar kupata umeme. Kwa miaka mingi baadaye taa ya umeme ilibaki ya wachache, na nyumba nyingi ziliendelea na kandili na koroboi. Mafuta ya taa yalinunuliwa kwa chupa, na mama aliona kwa macho yake chupa inavyoshuka. Alipunguza utambi watoto wakilala. Baada ya Mapinduzi ya 1964 zikajengwa nyumba za ghorofa kama za Michenzani, zenye jiko la ndani, maji ya mfereji na swichi ukutani. Mwaka 1980 Unguja ikaunganishwa na gridi ya bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Pemba iliendelea kutegemea majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka mwaka 2010, ulipowashwa waya wa kutoka Tanga.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu friji unalotaka kulinunua lina historia yake huko.

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda kwa ghafla. Wakati ule friji jipya la wastani nchini Marekani lilikuwa likila karibu uniti 1,800 kwa mwaka, yaani uniti 150 kila mwezi. Watengenezaji hawakuwa na sababu ya kulipunguza. Umeme ulikuwa rahisi, na mteja dukani aliona bei ya friji tu, asione bei ya kulilisha. Mwanafizikia Arthur Rosenfeld wa California alikuwa miongoni mwa walioonesha kwamba kuzuia upotevu ni rahisi kuliko kujenga vituo vipya vya umeme. California ikaweka viwango vya lazima kwa mafriji katika miaka ya 1970, na mwaka 1987 Marekani nzima ikapata sheria yake. Mpira wa mlango ukaboreshwa, kuta zikajazwa povu zuri zaidi la kuzuia joto, kompresa ikafanywa bora. Kufikia mwaka 2001 friji jipya la wastani lilitumia kama uniti 500 kwa mwaka, na lilikuwa kubwa kuliko lile la zamani.

Ulaya ilichukua njia ya karatasi. Kwa sheria ya mwaka 1992, friji likawa halina budi kubandikwa lebo yenye herufi kutoka A hadi G, na idadi ya uniti kwa mwaka. Mafriji mengi yakafika A, zikaongezwa A+, A++ na A+++, mpaka mteja akachanganyikiwa. Machi 2021 wakarudi kwenye A hadi G, kwa vipimo vikali zaidi. Hili likujali wewe unayenunua mtumba: herufi A ya mwaka 2000 si A ya leo. Lebo mpya utaijua kwa ile alama ya mraba ya kuskani kwa simu iliyo juu yake. Usitegemee herufi peke yake, tafuta idadi ya uniti kwa mwaka. Hiyo ndiyo kata iliyorudi.

Sisi visiwani kata ilirudi kwa njia nyengine, tena chungu. Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika kisiwa kizima, na haukurudi kwa karibu wiki nne. Disemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Wengi wenu mnakumbuka, na mliokuwa wadogo waulizeni mama zenu. Samaki waliharibika kwenye mafriji. Mji ulijaa sauti za majenereta na moshi wake. Lakini shida iliyowaelemea wanawake zaidi ilikuwa maji. Visima vinavyoilisha Unguja vinapandishwa na pampu za umeme, na pampu ziliposimama mifereji ilikauka. Watu wakarudi kwenye visima vya zamani, foleni zikaanza alfajiri, madumu yakauzwa kwa bei ya kila mwenye nacho. Wabebaji wakubwa walikuwa wanawake na watoto. Baada ya zaidi ya miaka 100 ya mabomba, mzigo ulirudi kichwani.

Waya mpya wenye nguvu ya megawati 100 ulikamilika mwaka 2013, na hali ikawa nafuu. Hata hivyo somo la miezi ile halijaisha muda. Kisiwani kwetu kila ndoo ya maji ina umeme ndani yake, na sehemu kubwa ya umeme huo inavuka bahari. Mwenye kupoteza maji anapoteza umeme pia. Na mashine inayokula vyote viwili kupita kiasi inaongeza mzigo ambao mtu fulani ataubeba, aidha wewe kwenye TUKUZA, au jirani ambaye maji hayamfikii.

Basi tukae na orodha ya bi harusi.

Friji. Hiki ndicho chombo kisicholala, kwa hiyo kipe muda mwingi kuliko vyengine. Tuseme friji la mtumba linakula uniti 500 kwa mwaka na jipya linakula 200. Tofauti ni uniti 300 kwa mwaka, 3,000 kwa miaka kumi. Zidisha kwa bei ya uniti siku utakayonunua, kisha ongeza kwenye bei ya lile la mtumba. Hapo ndipo utajua lipi rahisi. Ukienda kulitazama la mtumba, soma kibandiko cha nyuma au cha ndani. Likiwa na gesi R12, liache. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni na iliwekwa kwenye orodha ya kuondolewa na Mkataba wa Montreal wa 1987, kwa hiyo friji la Ulaya lenye gesi hiyo lina umri wa karibu miaka 30. Ukiona R600a, ni la kizazi cha baadaye. Funga karatasi kwenye mlango wake uivute: ikitoka bila kukaza, mpira umechoka na baridi linavuja. Na ukubwa uwe wa nyumba yako ya leo. Watu wawili hawahitaji friji la kuwekea walima.

Mashine ya kufulia. Ya mlango wa mbele hutumia takriban lita 50 kwa mzigo mmoja, na nyingi za mlango wa juu zinazojiendesha zenyewe hutumia mara mbili ya hapo au zaidi. Lakini ya mlango wa mbele hupasha maji moto, na hapo ndipo umeme mwingi unapokwenda, kwa hiyo zoea kufua kwa maji baridi. Inahitaji pia maji yenye nguvu. Kama mtaani kwenu mfereji hutoka usiku tu na hamna tangi la juu, ya matangi mawili si aibu. Unaijaza kwa ndoo, na maji yale ya sabuni yaliyofulia nguo nyeupe yanaweza kufulia za rangi baadaye.

Baridi la chumba. AC ndogo inakula karibu wati 800 hadi 1,000, na feni ya dari wati 60 hadi 75. Saa moja ya AC ni sawa na zaidi ya saa kumi za feni. Ukilazimika kununua, chukua yenye inverta, ambayo hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka kila mara. Mapazia mazito upande wa magharibi yatakusaidia nusu ya kazi.

Taa. Balbu ya zamani ya wati 60 na ya LED ya wati 8 au 9 hutoa mwanga unaokaribiana. Kwa taa nyeupe za LED waliotunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka 2014 ni Akasaki, Amano na Nakamura, waliovumbua mwanga wa buluu uliozifanya ziwezekane.

Birika la umeme na pasi. Vyote ni vya wati nyingi, mara nyingi 1,000 hadi 2,000, lakini kwa dakika chache. Chemsha maji ya vikombe unavyovihitaji, yaliyobaki yatie kwenye chupa ya chai. Piga pasi nguo za wiki kwa mara moja.

Choo na mifereji. Kama nyumba ndiyo inajengwa, omba tangi la choo la vitufe viwili, lita tatu na lita sita. Matangi ya zamani yalimwaga lita tisa au zaidi kila mara. Na kwa udhu, weka birika la kutawadhia karibu na sinki.

Najua harusini watu hutazama. Watahesabu milango ya friji na kuuliza AC imewekwa chumba kipi. Lakini watazamaji hurudi makwao, na uniti za mwisho wa mwezi mtazilipa wawili. Mwanamme anayeanza maisha akikuta uniti zinaisha kabla ya mshahara, ugomvi wa kwanza wa ndoa unaweza kuanzia jikoni. Bora mkae pamoja mapema, wewe na mchumba na wazee, mpange kwa uniti na lita kama mnavyopanga kwa shilingi.

Mashine zimetupunguzia kazi nyingi ambazo bibi zetu walizifanya kwa mgongo, tuseme alhamdulillahi. Shukrani ya neema ni kuitumia bila ya israfu. Ukiingia dukani, muulize muuzaji: hili linakula uniti ngapi kwa mwaka? Hili linakunywa lita ngapi kwa mzigo? Asipojua, fungueni kibandiko pamoja mkisome.

Allah awabariki maharusi wetu na azijaze nyumba zao utulivu. Amin.