Fedha za Umma na Saratani ya Mapafu: Deni Lililochelewa Kulipwa

Mwaka 1922 Uingereza na Wales ziliandikisha vifo 612 vya saratani ya mapafu. Mwaka 1947 vilikuwa 9,287. Ndani ya robo karne ugonjwa uliokuwa nadra ulikuwa umejaa wodini, na madaktari walibishana juu ya chanzo chake. Wapo waliolaumu lami iliyokuwa ikimwagwa kwenye barabara mpya. Wengine walitaja moshi wa magari. Na wapo walioshikilia kwamba ugonjwa ulikuwepo tangu zamani, ila sasa eksirei imeufichua.

Wizara ya Afya ililifikisha suala hilo kwa Baraza la Utafiti wa Tiba, chombo kinachoendeshwa kwa fedha za walipa kodi. Baraza likawakabidhi kazi Austin Bradford Hill, bingwa wa takwimu, na Richard Doll, daktari aliyekuwa bado kijana. Hawakuhitaji maabara wala mitambo. Walihitaji hojaji iliyotungwa vizuri na maofisa ustawi wachache wa kupita kitanda hadi kitanda katika hospitali 20 za London. Umewahi kuvuta? Ulianza ukiwa na umri gani? Uliacha lini? Kwa siku unavuta kiasi gani? Kila mgonjwa wa saratani ya mapafu aliwekewa mwenzake mwenye maradhi mengine, wa jinsia ile ile na rika lile lile, naye akaulizwa maswali hayo hayo. Walipatikana wagonjwa 709, na wenzao 709.

Katika kazi hiyo limo jambo dogo ambalo mimi nalipenda kuliko takwimu zote. Baadhi ya wagonjwa walihojiwa wakiaminika kuwa na saratani ya mapafu, kisha vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba hawakuwa nayo. Yaani aliyewahoji, na pengine wao wenyewe, waliamini wana ugonjwa huo. Kama majibu yangekuwa yamepotoshwa na imani hiyo, wangeonekana wavutaji wakubwa kama wagonjwa wa kweli. Haikuwa hivyo. Uvutaji wao ulifanana na wa wale wasio na saratani hiyo. Kosa la uchunguzi likageuka shahidi, na hoja ya wapinzani ikakosa pa kusimama.

Matokeo yalichapishwa Septemba 1950. Kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiovuta walikuwa 2 tu. Doll, aliyeanza akidhani mkosaji ni lami, aliacha sigara kabla kazi haijaisha. Oktoba 1951 yeye na Hill wakawaandikia madaktari wa Uingereza, na zaidi ya 40,000 wakajibu jinsi wanavyovuta. Kundi hilo lilifuatiliwa kwa miaka 50. Taarifa ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba mvutaji wa kudumu hupoteza wastani wa miaka kumi ya maisha, na kwamba anayeacha akiwa na miaka 30 huiokoa karibu yote.

Ruzuku ya serikali ilikuwa imeleta jibu. Serikali yenyewe ndiyo iliyosita. Kodi ya tumbaku ilikuwa ikiijaza hazina, na mawaziri walijua hivyo. Februari 1954 Waziri wa Afya, Iain Macleod, alikiri hadharani kwamba uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu umethibitika, huku akivuta sigara mbele ya waandishi wa habari. Siku hiyo hiyo ilitangazwa kwamba kampuni za tumbaku zingetoa pauni 250,000 kwa ajili ya utafiti, zipitie baraza lile lile. Sioni namna ya kulipamba hilo. Mshitakiwa alikuwa amekaribishwa kuchangia gharama za upelelezi.

Marekani ilikwenda mbali zaidi: jeshi lake liliweka sigara ndani ya mgao wa chakula cha askari, na halikukoma hadi 1975. Kijana wa kijijini aliyeingia jeshini hajawahi kuvuta aliweza kutoka akiwa mtumwa wa sigara aliyopewa bure na nchi yake. Kwa hiyo, mtu anaposema kwamba wagonjwa hawa wamejitakia, na kwamba fedha za umma ziende kwa wengine, namwomba akumbuke ni nani aliyekusanya kodi kwa kila pakiti na ni nani aliyewagawia askari. Ruzuku ya utafiti huu ni deni. Isitoshe, wapo wanaougua bila kuwahi kuvuta hata sigara moja.

Lawama hiyo imewagharimu. Saratani ya mapafu ndiyo inayoua Wamarekani wengi kuliko saratani nyingine yoyote, lakini kwa miaka mingi wagonjwa wake walifariki mapema mno, wakabaki wachache wa kwenda kugonga milango ya wabunge. Wanawake waliopona saratani ya matiti waliweza: shinikizo lao ndilo lililozaa, mwaka 1992, mpango wa utafiti wa tiba unaofadhiliwa na Bunge kupitia Wizara ya Ulinzi.

Ruzuku kubwa ilipokuja, ilizaa. Kuanzia 2002 Taasisi ya Taifa ya Saratani iligharimia jaribio la watu zaidi ya 53,000 waliovuta sana, wenye umri wa miaka 55 hadi 74. Nusu walipimwa kwa eksirei ya kifua, nusu kwa mashine ya CT yenye mionzi kidogo, mara moja kila mwaka kwa miaka mitatu. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba waliopimwa kwa CT walikufa kwa saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 20.

Wizara ya Ulinzi nayo ilifungua dirisha la saratani ya mapafu mwaka 2009, kwa dola milioni 20. Kwenye meza ya kuchambua maombi wanakaa wanasayansi pamoja na wagonjwa na manusura, na kura ya mgonjwa ina uzito sawa na ya profesa. Lakini kufikia 2013 fungu lilikuwa limepunguzwa hadi dola milioni 10.5. Mwaka 2021 likarudi milioni 20, kiasi kile kile lilichoanza nacho miaka 12 nyuma.