Kata ya Saba: Utafiti wa Du Bois Mjini Philadelphia

Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kilichoko Philadelphia nchini Marekani, kilimwajiri kwa muda msomi kijana Mweusi, William Edward Burghardt Du Bois, ili achunguze hali ya watu Weusi wa mji huo, na kazi hiyo ikazaa kitabu cha The Philadelphia Negro kilichotolewa mwaka 1899, ambacho leo huhesabiwa miongoni mwa tafiti za mwanzo kabisa za kisayansi kuhusu ukosefu wa usawa baina ya watu wa rangi tofauti. Chuo kilipata utafiti. Mtafiti hakupata kiti. Du Bois, aliyekuwa na umri wa miaka 28, alikuwa ametunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Harvard mwaka uliotangulia, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata chuoni hapo, lakini cheo alichopewa kilikuwa cha msaidizi katika sosholojia, yaani elimu ya jamii, kwa mshahara wa dola 900 kwa mwaka, bila ofisi na bila wanafunzi wa kuwafundisha.

Wazo la utafiti lilitoka kwa Susan Wharton, mama wa ukoo wenye mali aliyeshughulika na huduma za hisani katika mitaa ya maskini, naye akamshawishi mkuu wa chuo, Charles Harrison, akakubali. Matajiri waliokuwa wakitaka kuusafisha utawala wa mji waliamini kwamba uozo wa siasa zake ulitokana na kura za Weusi wa Kata ya Saba, na Du Bois mwenyewe aliandika baadaye kwamba jibu lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla swali halijaulizwa. Dhana za namna hiyo zilipewa nguvu na wataalamu. Mwaka huohuo wa 1896 Frederick Hoffman, mtakwimu wa kampuni ya bima ya Prudential, alichapisha kitabu kilichodai kwamba vifo vingi miongoni mwa Weusi vilisababishwa na udhaifu wa asili ya rangi yao; Du Bois alimjibu mwaka uliofuata kwa kuonyesha kwamba wazungu wa miji kadhaa ya Ulaya walikuwa wakifa kwa viwango vya juu zaidi, na hakuna aliyesema kwamba asili yao ilikuwa na kasoro.

Mbinu aliyoitumia ilikuwa na mizizi Berlin, alikosoma kati ya mwaka 1892 na 1894 chini ya Gustav Schmoller, mwanauchumi aliyeshikilia kwamba nadharia haina budi kusubiri ushahidi ukusanywe kwanza, na pia ilifuata mfano wa Charles Booth, aliyekuwa amechora ramani za umaskini wa London mtaa kwa mtaa. Kata ya Saba ilikuwa ukanda mrefu mwembamba kati ya mtaa wa Spruce na mtaa wa South, ukianzia mtaa wa saba hadi mto Schuylkill, na humo waliishi Weusi 9,675. Du Bois na mkewe Nina walipanga humohumo, juu ya mkahawa, na kutoka hapo alikwenda mlango kwa mlango hadi akazifikia kaya zipatazo 2,500, akiwa na hojaji, yaani karatasi za maswali yaliyopangwa, kuhusu familia, makazi, kazi, mtaa na vyama vya wananchi. Si wote waliomfurahia, kwani Weusi wa mji ule nao hawakupenda kuchunguzwa kama wadudu chini ya kioo.

Yaliyojitokeza yaliwaumbua wenye dhana. Badala ya kundi moja la watu wanaofanana, Du Bois alikuta matabaka manne, kuanzia wenye uwezo hadi wahalifu, akayaweka kwenye ramani kwa rangi mbalimbali, nyumba baada ya nyumba. Alikuta mafundi stadi waliogeuka watumishi wa nyumbani kwa sababu vyama vya wafanyakazi viliwafungia milango, na wapangaji waliolipa kodi kubwa kwa vyumba vibovu kwa kuwa hawakukubaliwa kuhamia kwingine. Mfano wenye nguvu kuliko yote ni wa kiwanda cha chuma cha Midvale, ambako meneja, aliyeonwa na wengi kuwa mtu wa ajabu, aliwachanganya Weusi na wazungu katika vikosi vilevile kwa ujira uleule, na kazi ikaendelea vizuri. Mfano huo mmoja ulitosha kuwanyima waajiri wengine kisingizio chao cha kila siku, kwamba wafanyakazi wazungu wasingekubali.

Kitabu kina kasoro zake. Tabaka la chini kabisa Du Bois alilihukumu kwa maadili ya mabwana wa zama zake, na nasaha alizowapa Weusi kuhusu bidii na uadilifu nyakati nyingine zinasikika kama mahubiri yaliyopotea njia yakaingia katika takwimu.

Mwaka 1897 alihamia Chuo Kikuu cha Atlanta, jimboni Georgia, chuo cha Weusi kilichokuwa na fedha haba, akapanga mradi wa miaka 100: kila mwaka kuchunguza mada moja, kama vile biashara, kanisa, ufundi, uhalifu au afya, na kuirudia baada ya miaka kumi ili mabadiliko yapimwe. Mjerumani Max Weber, aliyezuru Marekani mwaka 1904, alimwomba makala akaichapisha katika jarida lake. Lakini Aprili 1899, umati wa wazungu katika jimbo hilohilo la Georgia ulimchoma moto Mweusi aitwaye Sam Hose, na Du Bois, akiwa njiani kwenda ofisi ya gazeti mjini Atlanta na barua ya hoja zilizopimwa, aliambiwa kwamba vifundo vya vidole vya marehemu vimewekwa dukani vitazamwe. Alirudi nyumbani, na kwa maelezo yake imani kwamba mwanasayansi aweza kukaa mtulivu huku watu wakiuawa hivyo ilianza kumtoka. Pigo la pili lilikuwa la kiofisi: mwaka 1906 Ofisi ya Kazi ya serikali ya Marekani ilimlipa achunguze wilaya ya Lowndes, jimboni Alabama, kisha ikakataa kuuchapa utafiti huo kwa hoja kwamba umegusa siasa, na nakala hatimaye ikaharibiwa.

Mwaka 1910 aliacha chuo akaenda New York kuhariri jarida la The Crisis la chama cha NAACP, kilichopigania haki za Weusi, huku heshima ya kuasisi sosholojia ya miji ikienda kwa Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho mradi wake ulikuja zaidi ya miaka kumi baada ya ule wa Kata ya Saba. Mwaka 2015 mwanasosholojia Aldon Morris alitumia kitabu kizima kuthibitisha kwamba upuuzwaji huo haukuwa wa bahati mbaya. Chuo Kikuu cha Pennsylvania chenyewe kilimpa Du Bois cheo cha profesa wa heshima mwaka 2012, miaka 49 baada ya kufariki kwake mjini Accra akiwa raia wa Ghana.