Tiketi ya bei nafuu ina mkataba wake: KQ, Jambojet na mgomo wa Paris

Kwenye kipindi kilichopita, tulipokuwa tunapiga soga kuhusu safari za kwenda nyumbani, msikilizaji mmoja alituuliza swali ambalo tulilipita haraka kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Kwa nini Kenya Airways, au KQ kama tunavyoiita sote, ilianzisha Jambojet? Yaani, kampuni inajitengenezea vipi mshindani wake yenyewe, halafu inampa kazi ya kuuza tiketi za Mombasa kwa bei ya chini?

Jibu fupi ni bei. Jibu refu lina mahakama, marubani na mgomo wa wiki mbili Ufaransa. Mimi kazi yangu ni uhasibu, kusoma hesabu za mashirika ndiyo starehe yangu (msinicheke), kwa hiyo nimeamua kuliandika jibu lile refu hapa.

Tulianzia wapi

KQ ilizaliwa kutokana na talaka. Toka 1946 Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na Zanzibar, zilikuwa na shirika moja, East African Airways. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika nalo likavunjika, na kila nchi ikaanza lake. Kenya ikaanzisha Kenya Airways mwanzoni mwa mwaka huohuo. Wazee wetu wengi wanaikumbuka kama shirika la serikali lenye madeni na ndege za kuchelewa.

Mwaka 1996 mambo yakageuka. Serikali iliuza sehemu kubwa ya hisa zake: KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26, na nyingine zikauzwa kwa wananchi kupitia soko la hisa la Nairobi. Kwa miaka kadhaa KQ ikawa mfano wa kusifiwa, shirika la Kiafrika linalopata faida. Kazi ya KQ ikawa kazi ya heshima. Kijana akivaa sare ile nyekundu, mtaa mzima unajua.

Heshima hiyo ilikuwa na karatasi nyuma yake. Wafanyakazi walikuwa na chama, na chama kilikuwa na mkataba wa pamoja na kampuni: mshahara, posho, saa za kazi, namna ya kumwachisha mtu kazi. Agosti 2009 waligoma, ndege zikalala chini, na mgomo ukaisha kwa makubaliano ya nyongeza ya asilimia 20 kwa miaka miwili. Marubani nao walikuwa na chama chao, KALPA. Kwa hiyo tunapofika mwaka 2012, tunaongelea wafanyakazi wanaojua kudai, na mwajiri anayejua kwamba wanajua.

599

Wakati huo KQ ilikuwa na mpango mkubwa ulioitwa Mradi Mawingu: ndege mpya, miji mipya, kukua kwa miaka kumi. Pesa zikatafutwa kwa mikopo na kwa kuuza hisa mpya. Lakini mafuta yalikuwa ghali, na mashirika ya Ghuba yalikuwa yanachukua abiria wa safari ndefu. Uongozi ukasema gharama za wafanyakazi ni kubwa mno. Septemba 2012, watu 599 wakaondoka. Wengine walikubali kwenda kwa hiari, waliobaki wakapewa barua.

Chama kikaenda mahakamani. Desemba 2012 Mahakama ya Viwanda ya Nairobi ikaamuru wafanyakazi 447 warudishwe kazini. KQ ikakata rufaa, na Julai 2014 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa amri ile ya kuwarudisha.

Sasa angalieni kalenda, maana utamu wa historia uko kwenye kalenda. Tarehe 1 Aprili 2014, huku kesi ya wale 447 ikiwa bado kwenye rufaa, Jambojet ikaruka kwa mara ya kwanza. Kampuni tanzu, inayomilikiwa na KQ yenyewe asilimia 100. Safari za kwanza zilikuwa za kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu na Eldoret, kwa ndege za Boeing 737-300 ambazo hazikuwa changa. Nauli ilianzia shilingi 2,850. Ukitaka kuweka begi kwenye tumbo la ndege, unalipia. Ukitaka kuchagua kiti, unalipia. Mwezi huohuo wa Aprili KQ ikapokea ndege yake ya kwanza ya Dreamliner, mpya kabisa, yenye deni lake.

Familia moja, mwezi mmoja: huku ndege ya fahari, huku ndege ya bei nafuu.

Sababu za soko zilikuwa za kweli

Tusiwaonee wakubwa wa KQ. Mshindani alikuwepo. Fly540 ilianza 2006, na hata jina lake lilitokana na nauli: shilingi 5,540 kwenda na kurudi Mombasa. Kule Tanzania fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam Novemba 2012. Watu waliokuwa wakipanda basi usiku kucha walianza kuona ndege kama kitu chao. Mara mbili ya 2,850 ni 5,700, kwa hiyo mnaona Jambojet ilikuwa inamlenga nani.

Na ilikuwa jambo jema. Nina binamu zangu Kisumu waliopanda ndege mara ya kwanza maishani kwa sababu ya nauli hizo. Sitaki mtu amalize kusoma hapa akidhani namtetea mwenye nauli ghali.

Lakini nauli ya chini inatoka wapi? Inatoka kwenye vitu vingi vidogo. Ndege za aina moja, ili fundi na rubani wafundishwe mara moja tu. Ndege kukaa chini muda mfupi kati ya safari. Tiketi kuuzwa kwa intaneti. Halafu kuna kitu kisichoandikwa kwenye tangazo: kampuni mpya ina mikataba mipya. Mkataba wa pamoja uliopiganiwa kwa kampuni ya mama hauhami wenyewe kwenda kwa mtoto. Mhudumu wa kampuni mpya anaanza moja, hata kama ndege inaegeshwa uwanja uleule na faida inakwenda kwa mwenye hisa yuleyule.

Hapa ndipo wafanyakazi wa mashirika ya ndege duniani kote wanaposhtuka wakisikia maneno "kampuni tanzu ya bei nafuu". Leo mtoto anapewa safari chache. Kesho anaongezewa. Mkataba wako haujaguswa hata herufi moja, lakini kazi inayofanywa chini ya mkataba huo inazidi kupungua.

Septemba, Paris

Kumbukeni KLM, ambayo wakati huo ilikuwa na zaidi ya robo ya hisa za KQ. Toka 2004 KLM na Air France ni kundi moja. Na kundi hilo mwaka huohuo wa 2014 lilikuwa na mjadala uleule nyumbani kwake, kuhusu mtoto wao anayeitwa Transavia.

Transavia France ilianza 2007. Marubani wa Air France walikubali iwepo kwa sharti: isizidi ndege 14. Septemba 2014 uongozi ukatangaza kuikuza hadi ndege 37, pamoja na kuanzisha Transavia Europe, yenye vituo nje ya Ufaransa na wafanyakazi wenye mikataba ya nchi hizo. Hoja yao ilikuwa nzito: easyJet na Ryanair walikuwa wanawala kila siku kwenye safari fupi.

Marubani waligoma kuanzia tarehe 15 Septemba mpaka tarehe 28. Siku 14. Siku nyingi zaidi ya nusu ya safari zilifutwa, na hasara ya kampuni ikapita euro milioni 400. Dai lao kubwa mtalielewa mara moja mkishaisoma habari ya Nairobi: mkataba mmoja kwa marubani wote wa kundi, awe anarusha Air France au Transavia. Hilo hawakulipata. Lakini mradi wa Transavia Europe ulifutwa katikati ya mgomo, na Transavia ya Ufaransa ikaendelea kukua baada ya makubaliano yaliyofikiwa baadaye mwaka huo.

Mwaka mmoja mbele, Oktoba 2015, Air France ikatangaza mpango wa kupunguza nafasi 2,900. Wafanyakazi wakavamia mkutano, na mkuu wa utumishi akaonekana kwenye picha dunia nzima akipanda uzio bila shati. Wengi wenu mliiona picha hiyo na mkacheka. Nilicheka pia. Lakini nyuma ya shati lile kulikuwa na ugomvi wa miaka.

Kwa nini Paris waliweza kuzuia kitu na Nairobi hawakuweza? Naona sababu kubwa ni wakati. Paris walikuwa na mipaka iliyoandikwa kabla mtoto hajakua, ile ya ndege 14. Kampuni ikitaka kuivuka lazima irudi mezani. Nairobi, mtoto alizaliwa wakati chama kina kesi ya watu 447 mikononi, na wanachama wengine wanaogopa kuwa namba inayofuata. Chama kinachopigania waliofukuzwa jana kinakosa nguvu ya kujadili ajira za kesho.

Je, mishahara ndiyo iliyoiua KQ?

Hili ndilo swali tunalogombania kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Novemba 2022 marubani wa KQ walipogoma, mnakumbuka matusi? Watu wamekwama, wengine wana msiba nyumbani, na lawama zote zikaenda kwa rubani mwenye mshahara mkubwa. Nilielewa hasira ile. Lakini wachache walisoma dai lenyewe: michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni, iliyosimamishwa wakati wa korona mwaka 2020, irudishwe. Mahakama iliwaamuru warudi kazini, na wakarudi tarehe 9 Novemba.

Tukirudi kwenye hesabu, mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 KQ ilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7. Mwaka uliofuata bilioni 26.2. Hasara hizo zilikuja baada ya watu 599 kuondolewa, na Jambojet ikiwa tayari angani. Ndani yake kuna mikopo ya ndege mpya, mikataba ya mafuta iliyofungwa kwa bei ya juu kabla bei haijaporomoka, moto wa uwanja wa Jomo Kenyatta wa Agosti 2013, shambulio la Westgate la Septemba 2013 lililowafukuza watalii, na Ebola iliyosimamisha safari za Freetown na Monrovia mwaka 2014. Seneti ya Kenya iliunda kamati ya kuchunguza, ikiongozwa na Anyang' Nyong'o. Mhasibu yeyote akipewa orodha hiyo hawezi kuanza na posho ya mhudumu wa ndege.

Shangazi yangu alifanya usafi katika uwanja mmoja wa ndege hapa Uingereza kwa miaka mingi. Kampuni iliyomwajiri ilibadilika mara tatu. Vyoo ni vilevile, ndoo ilelile, hata msimamizi ni yuleyule. Kila mara ni beji mpya na karatasi mpya ya kusaini. Mara ya tatu malipo ya siku za ugonjwa yalikuwa yametoweka. Yeye hajui neno "kampuni tanzu", lakini somo lake analijua kuliko mimi niliyelisoma chuoni.

Mtoto akamrithi mama

Kuna kipande cha mwisho nakipenda sana katika hadithi hii. Allan Kilavuka alishika uongozi wa Jambojet mwaka 2019. Mwaka 2020 akapandishwa kuongoza KQ yenyewe. Yaani aliyefundishwa kubana matumizi kwa mtoto ndiye aliyeitwa kumwokoa mama. Kwa mwaka 2024 KQ ikatangaza faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Kisha nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara. Vita haijaisha.

Kwa hiyo, kumjibu msikilizaji wetu: KQ ilianzisha Jambojet kwa sababu kama isingeuza tiketi ya bei nafuu, mtu mwingine angeiuza, na kampuni mpya ingeweza kuiuza bila kubeba ahadi zote za kampuni ya zamani. Sehemu ya kwanza inatangazwa. Ya pili inabidi uiulize: wafanyakazi wa mtoto wana mkataba gani, wanaweza kuhamia kwa mama, na safari ngapi zinaweza kuhamishwa bila kurudi mezani?

Kipindi kijacho tunataka sauti zenu. Kama una baba, shangazi au mjomba aliyefanya kazi East African Airways, KQ, au uwanja wowote wa ndege kuanzia Heathrow hadi Muscat, mkalishe chini na simu yako, washa rekodi, umwulize mkataba wake wa kwanza ulisemaje na wa mwisho ulisemaje. Tutumie. Dakika tano zinatosha.